Baharia Anapojeruhiwa Kazini: Shauri la Stewart dhidi ya Dutra na Mafundisho ya Kanisa kuhusu Fidia

Je, Mkristo aliyeumia kazini hutenda vema anapompeleka mwajiri wake mahakamani? Waamini wengi hujiuliza swali hili kwa moyo mzito. Kuna anayeogopa kuonekana mwenye tamaa ya fedha, na kuna anayedhani kwamba kusamehe ni kunyamaza. Wapo pia wanaokwenda mahakamani wakiwa na hasira tupu, wakitafuta kisasi kuliko haki. Makala hii inalitazama swali hilo kwa njia ya shauri moja lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2005. Lilihusu mfanyakazi aliyeumia kwenye mtambo unaoelea wa kuchimba chini ya bahari. Tutaeleza kilichotokea, sheria zilizohusika, kisha tutaona Maandiko Matakatifu na Mama Kanisa wanatufundisha nini.

Kazi ya kuchimba chini ya bahari

Bahari hula fukwe. Mawimbi na dhoruba huondoa mchanga, na mahali ambapo nyumba na barabara zimejengwa karibu na maji, hasara huwa kubwa. Nchini Marekani njia mojawapo ya kukabiliana na jambo hili ni kuchota mchanga kutoka chini ya bahari na kuurudisha ufukoni. Kazi ya namna hii ilifanyika Coney Island, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na leo hufanyika katika majimbo mengi ya pwani kama New Jersey na Florida, mara nyingi chini ya usimamizi wa Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani.

Zipo meli zinazoburuta mabomba makubwa juu ya sakafu ya bahari na kufyonza mchanga pamoja na maji. Tumbo la meli likijaa, meli husogea karibu na pwani, huunganishwa na bomba refu, na mchanga husukumwa hadi nchi kavu ambako matingatinga huusambaza. Ipo pia mitambo inayoelea isiyo na injini ya kusafiri masafa marefu. Hiyo huchota udongo kwa ndoo kubwa ya chuma na kuumwaga ndani ya matishari yaliyo kandokando yake. Vyombo vya aina hizi ndivyo vinavyotumika pia kuongeza kina cha bandari na kuchimba mitaro chini ya maji.

Hatari za kazi hii ni nyingi. Kamba za chuma huvutwa kwa nguvu kubwa, na ikikatika moja huweza kumkata mtu. Mabomba hubeba shinikizo kali. Sitaha huwa na maji na mafuta, na ndani yake kuna matundu yanayoshuka hadi kwenye vyumba vya mitambo. Wafanyakazi huvuka kutoka chombo kimoja hadi kingine huku vyote viwili vikicheza juu ya mawimbi, mchana na usiku. Anayetembea kwa raha juu ya mchanga mpya wa ufukweni ni vema akumbuke kwamba kuna watu waliohatarisha miili yao ili mchanga huo ufike pale.

Tukio la tarehe 15 Julai 1993

Shauri letu halikutokana na ufukwe bali na bandari ya Boston, katika jimbo la Massachusetts, lakini vyombo na hatari zake ni vilevile. Kampuni ya Dutra Construction ilikuwa ikichimba mtaro chini ya bandari hiyo kwa ajili ya handaki la magari linaloitwa Ted Williams, sehemu ya mradi mkubwa wa barabara za jiji hilo. Ilitumia mtambo unaoelea ulioitwa Super Scoop. Mtambo huo ulikuwa na nahodha na mabaharia, lakini uwezo wake wa kujiendesha ulikuwa mdogo. Ulisogea kwa kuvuta na kulegeza nanga na kamba zake, takriban mita 9 hadi 15 kila baada ya saa chache.

Bwana Stewart aliajiriwa kutunza mitambo ya Super Scoop na matishari yake mawili. Siku hiyo uchimbaji ulikuwa umesimama, kwa kuwa injini ya tishari moja ilikuwa imeharibika na tishari la pili lilikuwa baharini. Stewart alikuwa ndani ya tishari lile bovu akishughulikia injini. Ndipo Super Scoop ilipotumia ndoo yake kulisogeza tishari. Vyombo viwili viligongana, mtikisiko ukamtupa Stewart, naye akatumbukia kichwa mbele katika tundu lililokuwa wazi hadi sitaha ya chini. Aliumia vibaya.

Stewart aliishtaki kampuni kwa uzembe. Mtu angetarajia kwamba mahakama ingeuliza mara moja: Nani aliacha tundu wazi? Nani aliamuru tishari lisogezwe huku mtu akiwa ndani? Lakini kwa miaka mingi swali lililotangulia lilikuwa jingine kabisa: Je, Super Scoop ni chombo cha majini?

Kwa nini jina la chombo lilikuwa na uzito

Sheria za Marekani zinawagawa wafanyakazi wa baharini katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni mabaharia, yaani wale walio sehemu ya wafanyakazi wa chombo cha majini. Hawa wanalindwa na Sheria ya Jones ya mwaka 1920, inayoitwa hivyo kwa jina la Seneta Wesley Jones wa jimbo la Washington. Sheria hii inamruhusu baharia aliyeumia kazini kumshtaki mwajiri wake kwa uzembe na kusikilizwa na jopo la raia waamuzi.

Kundi la pili ni wafanyakazi wa bandarini na pwani ambao si mabaharia. Hawa wana sheria yao ya mwaka 1927. Wanapoumia hulipwa fidia iliyopangwa, ambayo kwa asiyeweza tena kufanya kazi ni theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa wiki, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Lakini kwa kawaida hawawezi kumshtaki mwajiri wao kwa uzembe, isipokuwa uzembe huo umetokana na chombo cha majini kwa namna inayotajwa na sheria hiyo.

Kampuni ilikubali kwamba Stewart alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa Super Scoop. Ubishi uliobaki ulikuwa juu ya Super Scoop yenyewe. Mahakama za chini zilisema kwamba kazi yake kuu ni kuchimba, si kusafiri, na kwamba wakati wa ajali ilikuwa imesimama. Kwa hiyo haikuwa chombo cha majini kwa maana ya Sheria ya Jones. Jambo la kushangaza ni kwamba, kuhusu madai yale mengine chini ya sheria ya wafanyakazi wa bandarini, kampuni haikukana kuwa mtambo huohuo ni chombo. Basi kitu kimoja kikawa chombo mbele ya sheria moja na kikakosa kuwa chombo mbele ya sheria nyingine, na mtu aliyeumia akabaki katikati.

Uamuzi wa mwaka 2005

Tarehe 22 Februari 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu. Majaji wote wanane walioshiriki walikubaliana, na Jaji Clarence Thomas ndiye aliyeandika. Walirudi kwenye maana iliyowekwa na sheria za nchi hiyo tangu mwaka 1873, kwamba chombo cha majini ni kila chombo au kifaa kilichotengenezwa na binadamu ambacho kinatumika, au kinaweza kutumika, kusafirisha juu ya maji.

Kwa kipimo hicho, Super Scoop ilikuwa chombo cha majini. Ilibeba nahodha, mabaharia na mitambo mizito juu ya maji ya bandari. Bila uwezo huo isingeweza kuchimba mtaro wa handaki. Haikuwa lazima usafiri uwe kazi yake kuu, wala haikuwa lazima iwe mwendoni wakati wa ajali. Meli iliyotia nanga haikomi kuwa meli, na anayefanya kazi ndani yake hawezi kuwa baharia asubuhi, akakoma kuwa baharia adhuhuri, kwa sababu tu nanga imeshuka. Mahakama iliongeza kwamba chombo kilichofungwa mahali pamoja moja kwa moja, kisichoweza tena kusafiri kwa namna yoyote ya kweli, hakihesabiwi.

Mahakama haikusema kampuni ilikuwa na uzembe, wala haikupanga kiasi cha fidia. Ilitengua uamuzi wa chini na kulirudisha shauri ili liendelee. Hata hivyo tukumbuke tarehe: ajali ilitokea mwaka 1993, na uamuzi huu ukaja mwaka 2005. Karibu miaka kumi na miwili ilipita kabla ya mtu huyu kuambiwa kwamba ana haki ya kuuliza kama alitendewa uzembe. Faida ya uamuzi huu iliwafikia wengi, kwa kuwa wafanyakazi wa mitambo ya kuchimba, iwe bandarini au mbele ya fukwe, walipata msingi ulio wazi wa kudai haki za baharia.

Haki tatu za baharia aliyeumia

Kwa sheria ya Marekani baharia aliyeumia ana njia tatu, na ni vema kuzitofautisha.

Ya kwanza ni matunzo na matibabu. Mwenye chombo anapaswa kumlipia baharia aliyeumia au kuugua akiwa katika utumishi wa chombo gharama za chakula, malazi na tiba, mpaka apone au mpaka ifike hatua ambapo tiba haiwezi kumwongezea nafuu. Deni hili halitegemei kosa la mtu. Mizizi yake ni ya kale sana. Kanuni za kisiwa cha Oléron, Ufaransa, za Zama za Kati, zilimwamuru nahodha kumteremsha pwani baharia mgonjwa, kumtafutia nyumba, kumpa mshumaa wa kumulika usiku, na kumwekea mtu wa kumhudumia. Mwaka 1823 Jaji Joseph Story alieleza sababu yake: mabaharia mara nyingi ni maskini na wako mbali na jamaa zao, wakiachiwa gharama za ugonjwa watakufa, na mwenye meli anayejua kwamba atalipia ugonjwa atakuwa mwangalifu zaidi kuhusu afya ya watu wake.

Ya pili ni madai ya chombo kutofaa. Mwenye chombo anapaswa kutoa chombo, vifaa na wafanyakazi wanaofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Kifaa kibovu kikimuumiza baharia, mwenye chombo hawajibiki kidogo kwa kusema kwamba hakujua.

Ya tatu ni madai ya uzembe chini ya Sheria ya Jones. Hapa baharia lazima aonyeshe kosa la mwajiri, lakini inatosha kuonyesha kwamba kosa hilo lilichangia jeraha, hata kwa sehemu ndogo. Ikiwa baharia mwenyewe naye alikosa, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake, ila kwa kawaida haifutwi. Muda wa kufungua shauri ni miaka 3 tangu kuumia.

Mipaka ya haki hizi imeendelea kuchorwa. Mwaka 1962, katika shauri la Vaughan dhidi ya Atkinson, baharia mwenye kifua kikuu alinyimwa matunzo, naye akalazimika kuendesha teksi akiwa mgonjwa ili apate riziki. Mahakama za chini zilitaka kupunguza haki yake kwa kiasi alichochuma. Mahakama ya Juu ilikataa: mwenye chombo hawezi kunufaika na jasho la mgonjwa aliyemtelekeza. Mwaka 2009, katika shauri la Atlantic Sounding dhidi ya Townsend, lililohusu kampuni tanzu ya kampuni ya uchimbaji baharini na baharia aliyeanguka kwenye sitaha ya boti la kuvuta, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba mwajiri anayekataa kwa makusudi kulipa matunzo na matibabu anaweza kutozwa fidia ya adhabu. Lakini mwaka 2019, katika shauri la Dutra Group dhidi ya Batterton, majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba fidia ya adhabu haitolewi kwa madai ya chombo kutofaa. Mdai huyo alieleza kwamba mfuniko wa tundu la sitaha ulifumuka kwa shinikizo la hewa na kuponda mkono wake wa kushoto. Anaweza kudai hasara aliyoipata, ila si nyongeza ya kumwadhibu mwenye chombo kwa msingi huo.

Maandiko Matakatifu: shimo lililoachwa wazi

Anayesoma kitabu cha Kutoka baada ya kusikia habari za Boston hawezi kukosa kushangaa. Katika sura ya 21, aya ya 33 na 34, Torati inazungumza juu ya mtu anayefunua au kuchimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda akatumbukia humo. Mwenye shimo ndiye atakayelipa. Ikiwa Mungu alidai fidia kwa ajili ya mnyama aliyetumbukia, sembuse kwa ajili ya mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wake!

Katika sura hiyohiyo, aya ya 18 na 19, mtu aliyemjeruhi mwenzake hata akalala kitandani anaagizwa mambo mawili: amlipe kwa ajili ya muda aliopoteza, na agharimie tiba yake mpaka apone. Ni matunzo na matibabu, karne nyingi kabla ya kanuni za Oléron. Nacho kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, kinamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije akaleta hatia ya damu nyumbani mwake mtu akianguka. Hapa Neno la Mungu halingoji ajali itokee. Linadai kinga kabla ya jeraha, na linamwekea wajibu huo mwenye nyumba, si mpita njia.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi si mtumwa wala chombo cha kuchumia fedha, akahimiza kuwepo kwa mifuko ya kuwasaidia wafanyakazi wakati wa ajali, magonjwa na uzee. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes namba 27, unataja mazingira ya kazi yanayowafanya watu kuwa zana tu za faida miongoni mwa mambo yanayodhalilisha utu wa binadamu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem exercens ya mwaka 1981, namba 19, anahesabu miongoni mwa haki za mfanyakazi tiba iliyo rahisi kupatikana, hasa baada ya ajali kazini, bima ya ajali, na mazingira ya kazi yasiyodhuru afya. Katika namba 22 anawatetea watu wenye ulemavu: nao ni watu kamili wenye haki ya kushiriki kazi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakwenda hadi kwenye dhamiri. Namba 1459, inapoeleza malipizi katika sakramenti ya Kitubio, inasema kwamba ondoleo la dhambi haliondoi wajibu wa kurekebisha madhara, na miongoni mwa mifano yake inataja kulipa fidia ya majeraha. Fidia kwa hiyo ni deni la haki, wala haigeuki kuwa sadaka kwa sababu mlipaji ni tajiri na mlipwaji ni maskini. Mwajiri Mkatoliki anayejua kwamba uzembe wake ulimvunja mtu, naye akaungama bila nia ya kulipa anachoweza, hajakamilisha toba yake.

Hapa ndipo shauri la Boston linapotufundisha zaidi. Sheria za nchi lazima zitumie majina na makundi: baharia, mfanyakazi wa bandarini, chombo, mtambo. Bila majina hayo mahakama haziwezi kufanya kazi. Lakini makundi yapo kwa ajili ya mtu. Pale ambapo jina la kitu anachosimama juu yake mfanyakazi linaamua kama kilio chake kitasikilizwa, dhamiri ya Kikristo inapaswa kuanza upande mwingine: hapa kuna mtu aliyeumia, ana familia, na kuna aliyekuwa na wajibu wa kufunika shimo.

Je, Mkristo aende mahakamani?

Wengi hutaja Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, ambamo Mtume Paulo anawakemea waamini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, na kuwauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Paulo alikuwa anaponya jeraha la jumuiya changa: ndugu wa imani moja waliogombania mambo ya maisha haya na kulitia Kanisa aibu, badala ya kutafuta mwenye hekima miongoni mwao wa kuwapatanisha. Hakuwa anamfundisha mnyonge kunyamaza mbele ya mwenye nguvu. Paulo mwenyewe, alipoona haki yake inataka kuuzwa, alikata rufaa kwa Kaisari, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 25. Naye Bwana wetu Yesu Kristo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha pigo, lakini alimtaka aliyempiga aeleze sababu (Yohane 18:23).

Tena kuna tofauti kati ya kuacha haki yangu peke yangu na kuacha haki ya wale wanaonitegemea. Mtu anaweza kusamehe tusi. Baba au mama aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi akiacha fidia halali, wanaolipa gharama ya ukarimu huo ni watoto wake. Katekisimu, namba 2302, inatenganisha mambo haya vizuri: kutaka kisasi ili kumdhuru anayestahili adhabu si halali, bali kudai marekebisho ili kusahihisha uovu na kulinda haki ni jambo la kusifiwa. Mtu anaweza kumsamehe mwajiri kwa moyo wote na bado akadai alipwe tiba yake. Na anaweza kupata fedha zote alizodai huku moyo wake ukibaki na sumu.

Wajibu wa kila mmoja

Aliyeumia anadaiwa ukweli. Atoe taarifa ya ajali mapema, atafute tiba, ahifadhi vyeti vya daktari na majina ya walioshuhudia, wala asitie sahihi karatasi ya kuachilia madai kabla ya kuisoma na kushauriwa na mwanasheria. Asitie chumvi maumivu yake, wala asifiche ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kuajiriwa. Hata sheria ya Marekani huweza kumnyima matunzo baharia aliyeuficha kwa makusudi alipoulizwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23 aya ya 3, kinakataza kumpendelea maskini katika shauri lake, kwa maana haki inayojengwa juu ya uongo si haki. Zikija nafasi za mapatano ya kweli, azipime kwa moyo mweupe, kama Bwana anavyotuasa tupatane na mshtaki wetu tungali njiani (Mathayo 5:25).

Mwajiri anadaiwa kinga kwanza: mifuniko, kamba zilizokaguliwa, mafunzo, na amri iliyo wazi kwamba hakuna chombo kitakachosogezwa kabla ya kujua nani yuko ndani. Ajali ikitokea, alipe mapema kilicho cha haki. Kumchosha majeruhi kwa miaka ili njaa imlazimishe kukubali kidogo ni dhuluma, hata kama kila hatua yake inaruhusiwa na kanuni za mahakama.

Jumuiya ndogondogo na parokia zinadaiwa uwepo. Shauri likichukua miaka, familia huhitaji chakula, karo, na mtu wa kuwasindikiza hospitalini. Kwa watu wa baharini Kanisa lina Utume wa Bahari, Stella Maris, ulioanzia Glasgow, Uskoti, mwaka 1920, na ambao kila mwaka huadhimisha Dominika ya Bahari, Dominika ya pili ya Julai.

Kwa sisi wa Afrika ya Mashariki

Sheria ya Jones ni ya Marekani, wala si ya kwetu. Nchini Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri. Kenya ina Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Nchi hizi mbili pia zimeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaomtaka mwenye meli kugharimia tiba, chakula na malazi ya baharia aliyeumia au kuugua. Nchi huweza kuweka kikomo cha gharama hizo, lakini si chini ya wiki 16. Kijana wetu anayepata kazi katika meli ya nje, kabla ya kupanda, aulize mkataba wake unafuata sheria ya nchi gani, na nakala yake iachwe nyumbani.

Ndugu msomaji, katika parokia yako huenda yupo aliyeanguka kazini na sasa anakaa nyumbani, akiona haya kudai na akiogopa kunung'unika. Mtembelee. Msikilize kabla ya kumshauri. Msaidie kupata taarifa sahihi na mwanasheria mwaminifu, na mwombee amani ya moyo, ili anapodai haki yake asimchukie mtu. Nawe ukiwa mwenye kazi, pita leo mahali pako pa kazi, utazame ni shimo gani limeachwa wazi, ukalifunike.